Ndoo kwa maksi 10: je, ni haki mwalimu kumwongezea maksi mwanafunzi aliyeleta kifaa shuleni?

Msikilizaji wetu, kila tunapozungumzia elimu kwenye kipindi, kuna swali ambalo halikosi katika ujumbe mfupi mnaotutumia. Maneno hutofautiana lakini jambo ni moja. Mwalimu amewaambia wanafunzi kwamba atakayeleta ufagio ataongezewa maksi 5, atakayeleta ndoo maksi 10, na atakayeleta rimu ya karatasi maksi 15. Wapo wazazi wanaoona hiyo ni njia nzuri ya kuwahamasisha watoto. Wapo wanaosema huko ni kuuza maksi. Na wapo wanaokaa kimya, kwa sababu mtoto wao bado anafundishwa na mwalimu huyo huyo.

Leo tunalieleza jambo hili hatua kwa hatua: maksi ni za nini, nani anaumia zikichanganywa na ndoo, taratibu za nchi zinasemaje, na mzazi au mwalimu afanye nini bila kuleta ugomvi.

MAKSI NI TAARIFA

Mwalimu anapoandika 43 kwenye karatasi ya Hisabati, anatoa taarifa. Anamwambia mtoto, mzazi na mwalimu wa mwaka ujao kwamba katika yale niliyofundisha, huyu ameonyesha kujua kiasi hiki.

Wakulima mnalielewa hili kuliko mtu yeyote. Mnapopeleka korosho, pamba au ufuta ghalani, mnautaka mzani useme kilo zilizomo kwenye gunia, si zaidi na si pungufu. Karani akiongeza kilo kwa sababu fulani alimletea kuku, mzani huo hauna maana tena, hata kwa yule aliyepimiwa sawasawa. Maksi ndiyo mzani wa darasani.

Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili wa sekondari. Kwa madaraja yanayotumiwa na Baraza la Mitihani katika kidato cha nne, alama 30 hadi 44 ni D, na 45 hadi 64 ni C. Mwanafunzi wa kwanza amepata 43, hiyo ni D. Wa pili amepata 38, nayo ni D, lakini ameleta ndoo na kuongezewa 10. Sasa ana 48, yaani C. Kwenye ripoti inayokwenda nyumbani, aliyejua kidogo amempita aliyejua zaidi. Ndoo ndiyo iliyompita mwenzake, si akili wala juhudi.

NANI ANAUMIA?

Wa kwanza kuumia ni mtoto ambaye kwao ndoo haipatikani. Fikiria bibi anayelea wajukuu watatu, wote shule moja, na kila darasa lina kifaa chake kinachotakiwa. Au familia inayosubiri mavuno ili ishike fedha. Mtoto wa nyumba hiyo anaweza kukesha na daftari kwa mwanga wa kibatari, akapata maksi zake 43, kisha akaona zimezidiwa na kitu kilichonunuliwa dukani kwa dakika tano. Tunamwambia asome kwa bidii, na papo hapo tunamwonyesha kwamba bidii ina njia ya mkato ambayo si yake.

Wa pili, na huyu husahaulika, ni mtoto aliyeleta ndoo. Ripoti inasema amepata C. Mzazi anafurahi, na mtoto naye anaamini Hisabati anaiweza. Hakuna anayeshughulika na zile mada ambazo hakuzielewa. Siku ya mtihani wa taifa inafika, na msahihishaji aliye mbali hajui habari ya ndoo. Atasahihisha kilichoandikwa kwenye karatasi. Mzazi aliyedhani amemsaidia mwanawe anakuta amechelewa kujua kwamba alihitaji msaada wa aina nyingine.

Jambo hili halibaki darasani tu. Kwa wanafunzi wa kidato cha nne, alama za maendeleo zinazokusanywa shuleni nazo huingia katika hesabu ya matokeo ya mwisho. Alama iliyopatikana kwa ufagio ikipenya humo, inamfuata mtoto hadi kwenye cheti.

Wa tatu ni mwalimu mwenyewe. Akishazoeleka kuwa maksi zake hupatikana kwa vitu, hata mtoto aliyefaulu kwa haki atasemwa mtaani kwamba alipeleka kitu. Na siku mwalimu huyo akimpa mtoto F anayostahili, mzazi atauliza, "Kwani alitaka nini?"

LAKINI SHULE INA MAHITAJI YA KWELI

Tusimseme mwalimu kana kwamba ndoo anaipeleka kwake. Mara nyingi kifaa kinabaki shuleni, na kinahitajika. Darasa lenye watoto wengi linafagiliwa kila siku. Maji ya kunawa hayakai hewani, yanahitaji chombo. Mtihani wa kila mwezi unahitaji karatasi.

Serikali ilipoanza kutekeleza elimu bila ada mwaka 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ilifuta ada na kuahidi kupeleka ruzuku ya uendeshaji shuleni. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu ya fedha hizo ni ya vitabu. Kwa shule ya msingi, inayokwenda moja kwa moja shuleni ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi.

Piga hesabu ya shule yenye wanafunzi 400. Elfu sita mara 400 ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi, mitihani, ukarabati mdogo na mambo mengine ya kila siku. Ukiiangalia hesabu hiyo, utaelewa kwa nini mwalimu anatafuta njia. Uhitaji ni wa kweli. Swali ni kama maksi ndiyo njia ya kuutatua.

TARATIBU ZINASEMAJE?

Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ulitolewa kufafanua nani ana wajibu gani katika elimu bila malipo. Mzazi hakuondolewa kila kitu. Sare na madaftari, kwa mfano, bado ni juu yake. Jamii pia haikukatazwa kuisaidia shule yake kwa hiari. Lililosisitizwa ni kwamba mtoto asinyimwe masomo kwa sababu mzazi wake hakuchangia.

Hapa neno la kulishika ni "hiari". Mchango ni wa hiari pale ambapo anayetoa na asiyetoa wanabaki sawa mbele ya mwalimu. Ukishaweka maksi juu ya ndoo, asiyetoa anapoteza kitu. Kwa maneno mengine, huo ni mchango wa lazima uliovaa nguo ya hiari. Na kama mwalimu anapunguza maksi za asiyeleta badala ya kuongeza za aliyeleta, hapo hakuna tofauti yoyote. Mwisho wa hesabu ni ule ule.

Pia tutofautishe mambo mawili. Kifaa kinachoingia shuleni na kuandikwa kwenye daftari la vifaa ni kosa la upimaji na la maadili ya kazi, na nidhamu ya walimu wa shule za serikali inasimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Lakini mwalimu akidai kitu kwa ajili yake mwenyewe ili atoe maksi, iwe fedha, kuku au vocha ya simu, tumeingia kwenye rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007 inahusika, na TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu ya bure, namba 113. Sheria hiyo hiyo inakataza mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe upendeleo. Tunalitaja hili kwa makusudi: mtoto aliyezoezwa tangu mdogo kwamba maksi hubadilishwa na kitu, atajuaje kukataa siku atakapotakiwa atoe kitu kingine?

Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo tunaitumia tukienda kumwona mkubwa au kuomba msaada. Darasani haifai kuingia, kwa sababu mtoto anakwenda shule na mkono mtupu ili arudi na kitu kichwani.

NA KAMA VITU NI VYA KUWASAIDIA WENYE SHIDA?

Swali hili ni gumu kidogo. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope yaliikumba Katesh na maeneo jirani wilayani Hanang, mkoani Manyara. Watu wakapoteza ndugu na nyumba, na Watanzania wengi wakatoa nguo, vyakula na fedha. Tuseme mwalimu anataka wanafunzi wake wajifunze kutoa katika janga kama hilo, akaahidi maksi kwa kila atakayeleta nguo au kilo ya unga. Je, hapo ni sawa?

Nia ni njema, lakini mzani unabaki ule ule. Kilo ya unga haionyeshi kwamba mtoto anajua Kiswahili au Jiografia. Isitoshe, huruma iliyolipwa maksi inageuka biashara: mtoto anatoa akihesabu atapata nini. Mwalimu anaweza kukusanya msaada huo na kumshukuru kila mtoto bila kugusa kitabu cha alama.

Mjadala huu hauko kwetu tu. Hata Marekani, nchi yenye mali nyingi, wapo walimu wanaotoa alama za ziada kwa wanafunzi wanaoleta maboksi ya tishu za darasani au vyakula vya makopo vya kuwagawia maskini, na wapo wazazi na walimu wenzao wanaopinga kwa sababu hizi hizi. Kwa hiyo tusiseme ni tatizo la umaskini peke yake. Ni tatizo la kuchanganya vitu viwili ambavyo vilipaswa kukaa mbalimbali.

LISILO KOSA

Si kila kitu mtoto anachoombwa kuleta ni kununua maksi. Mwalimu wa Sayansi akisema leteni mbegu za maharage tuzioteshe, au wa stadi za kazi akisema leteni udongo wa mfinyanzi au ukindu, hicho ni kifaa cha kujifunzia. Maksi zitolewe kwa alichofanya mtoto: ameotesha vipi, amesuka vipi, ameeleza nini. Na asiye na mbegu agawiwe na mwenzake. Ukitaka kupima, jiuliza hivi: mtoto akileta kifaa kisha akakaa bila kufanya lolote, atapata maksi? Kama jibu ni ndiyo, kuna kasoro.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, usimtumie mtoto kama mjumbe wa malalamiko, wala usimseme mwalimu vibaya mbele yake. Yeye ndiye atakayeingia darasani kesho asubuhi.

Pili, mwone mwalimu kwa heshima, ikiwezekana mkiwa wazazi wawili au watatu, ili lisionekane jambo la mtu mmoja. Usianze na shutuma. Mwombe akuonyeshe maksi za mtihani peke yake, bila za kifaa. Mwambie unataka kujua mwanao amekwama wapi. Ni ombi ambalo mwalimu hawezi kulichukulia vibaya, na litampa nafasi ya kufikiri upya.

Tatu, lisipotengemaa, nenda kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule, kisha Kamati ya Shule kwa msingi au Bodi ya Shule kwa sekondari. Juu yao yupo Afisa Elimu Kata. Kamati na bodi zina wawakilishi wa wazazi, na hapo ndipo pa kusemea badala ya kunung'unikia kisimani au kijiweni.

Nne, kama una uwezo wa kutoa ndoo, itoe. Ipeleke ofisini, iandikwe kwenye daftari la vifaa, na useme wazi kwamba hutaki maksi za mwanao ziguswe.

NA MWALIMU JE?

Mwalimu wetu, tunajua kazi yako na mazingira yake. Mahitaji ya darasa yapeleke kwenye kikao cha wazazi yakiwa na hesabu: tunahitaji fagio ngapi, ndoo ngapi, kwa muda gani. Fagio za miti au chelewa watoto wanaweza kuzitengeneza pamoja siku moja ya kazi, bila mzazi kutoa senti. Mwenye nguvu atoe zaidi, asiye nayo aje kusaidia kazi, na majina yasitangazwe darasani kwa namna ya kumwaibisha mtu.

Kama unataka kuwapa wanafunzi nafasi ya kupandisha maksi, wape kazi ya somo lenyewe. Aliyekosa maswali ayarudie na kueleza alipokosea. Aliyeshindwa insha aiandike upya. Kazi hiyo inahitaji kalamu na daftari ambavyo kila mmoja anavyo, na maksi zitakazopatikana zitakuwa zimetokana na kujua.

Msikilizaji, kikao cha wazazi kitakapoitishwa shuleni kwenu, nenda hata kama una kazi shambani. Omba ajenda mbili zitenganishwe: mahitaji ya shule, na maendeleo ya watoto. Kisha tutumie ujumbe utueleze mlivyokubaliana, ili tuwasomee wasikilizaji wa vijiji vingine wanaotafuta njia.