Harufu ya Mtu Kama Ushahidi wa Jinai

Mbwa wa polisi anaponusishwa kitu kilichoachwa penye tukio, kisha akawapita watu kadhaa na kuketi mbele ya mmoja wao, mahakama hukabiliwa na swali zito: je, kitendo hicho chatosha kumtia mtu hatiani?

Jasho linapotoka tezini halina harufu kali. Bakteria wa ngozi, hususan wa kwapani, hulivunjavunja na kuzalisha kemikali zinazopaa hewani. Mchanganyiko wa kemikali hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa sababu ya urithi, lakini hubadilishwa pia na chakula, maradhi, dawa na sabuni. Mbwa aliyefunzwa huutofautisha kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, hawezi kuhojiwa kizimbani, na huweza kuongozwa na ishara ndogo za askari aliyemshika. Nchini Uholanzi ilibainika kwamba kati ya mwaka 1997 na 2006 baadhi ya askari walijua mapema mahali ilipowekwa harufu ya mtuhumiwa, ilhali kanuni iliwataka wasijue.

Mahakama zimetofautiana. Mwaka 1920 Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini iliukataa ushahidi wa mbwa. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Kenya iliona unaweza kupokelewa kwa tahadhari, mradi mafunzo na uzoefu wa mbwa vithibitishwe. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya jinai ya Texas, Marekani, iliamua kwamba utambuzi wa harufu pekee hautoshi kumtia mtu hatiani.

Tiba ina mfano wa karibu. Mjini Morogoro, panya buku hunusa makohozi ili kubaini kifua kikuu. Panya akionyesha dalili, sampuli hupimwa tena maabara kabla ya mgonjwa kuanzishiwa dawa. Pua huonyesha pa kutafuta, kipimo huthibitisha.

Kanuni hiyo yafaa kwa upelelezi pia. Duka likivunjwa Mombo na mwizi akaangusha kofia, kofia hiyo hubeba harufu pamoja na chembe za ngozi zenye vinasaba. Ishikwe kwa glavu safi, ikaushwe kivulini, ifungwe katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaotunza unyevu na kuharibu vinasaba. Mbwa akimwonyesha mtu, vinasaba vilinganishwe. Visipolingana, mtu huyo asifungwe kwa neno la pua.