Luteni Flipper, Mwana wa Mshona Viatu

Katika mwaka 1859, mjini Thomasville katika jimbo la Georgia huko Marekani, alikuwako mtumwa aitwaye Festus Flipper, fundi wa kushona viatu na kupamba magari ya farasi. Bwana wake, Ephraim Ponder, ambaye alikuwa mfanya biashara ya watumwa, aliazimu kuhamia Atlanta na watumwa wake. Lakini Isabella, mke wa Festus, pamoja na mtoto wao Henry aliyezaliwa mwaka 1856, hawakuwa mali ya Ponder. Walikuwa mali ya mhubiri mmoja wa mji ule, naye hakuwa na nia ya kuhama.

Festus alikuwa na akiba ya fedha iliyotokana na ufundi wake. Alimwendea bwana wake akamkopesha fedha hizo, ili yeye bwana awanunue mke na mtoto, kwa ahadi kwamba atalipwa baadaye. Hebu fikirini, wasomaji: mtu asiyejimiliki mwenyewe anatoa fedha kumnunua mkewe, na hati ya ununuzi inaandikwa kwa jina la mtu mwingine! Hivyo ndivyo nyumba ya Flipper ilivyopona isivunjike, na yote yaliyotendwa na jamaa hiyo baadaye yafaa kusomwa kwa kukumbuka siku ile.

Vita vya wao kwa wao vilipokuwa vikiendelea, Henry akiwa na umri wa miaka minane, mtumwa mwenziwao mmoja aliyejua kusoma alianza kuwafundisha watoto usiku katika karakana ya useremala. Vita vilipokwisha na utumwa kufutwa mwaka 1865, Festus alifungua duka lake la viatu mjini Atlanta, akawasomesha wanawe watano. Henry alifika Chuo Kikuu cha Atlanta, na mwaka 1873 mbunge mmoja wa Georgia alimteua aingie West Point, chuo cha serikali cha kufundishia maafisa wa jeshi. Alitokea mtu aliyetaka nafasi ile kwa ajili ya mwanawe, akaahidi kutoa dola 5,000. Mshona viatu akazikataa.

Vijana weusi waliomtangulia Henry chuoni humo hakuna hata mmoja aliyemaliza mafunzo. Kwa miaka minne wanafunzi weupe walio wengi hawakusema naye ila kwa jambo la kazi. Alivumilia, na mwezi Juni 1877 alihitimu, akiwa wa 50 katika darasa la watu 76. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuhitimu West Point. Mwaka uliofuata, akiwa kijana wa miaka 22, alitoa kitabu juu ya maisha yake, kiitwacho The Colored Cadet at West Point.

Alipelekwa katika Kikosi cha Kumi cha Wapanda Farasi, ambacho askari wake walikuwa weusi na maafisa wake weupe. Luteni Flipper ndiye afisa mweusi wa kwanza kuwaongoza. Katika boma la Fort Sill yalikuwako madimbwi ya maji yaliyosimama, na homa ya malaria ikiwasumbua sana askari. Flipper alipima ardhi, akasimamia uchimbaji wa mfereji wa kuyaondoa maji yale, na homa ikapungua. Mkulima yeyote aliyewahi kuchimba mfereji katika nchi tambarare anajua kwamba kazi hiyo haihitaji jembe tu, yataka jicho la kujua maji yatakwenda wapi. Mwaka 1977 serikali ya Marekani iliutangaza mfereji huo kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Katika vita vya mwaka 1880 dhidi ya Victorio, kiongozi wa Waapache, alipanda farasi maili 98 kwa saa 22 kupeleka habari kwa mkuu wa kikosi chake.

Sasa nafika penye uchungu, na makarani watanielewa upesi kuliko wengine. Huko Fort Davis, jimbo la Texas, Flipper alikabidhiwa ghala ya vyakula na fedha zake. Mwaka 1881 akaja mkuu mpya wa boma, Kanali William Shafter, aliyekusudia kumwondoa katika kazi hiyo, naye fedha za ghala alizitunza nyumbani kwake, ndani ya sanduku lake. Mwezi Julai alipozihesabu aliona zimepungua. Hapo angalikwenda kwa mkubwa wake kusema, “Bwana, fedha hazitimii,” huenda mambo yangalikuwa mengine. Badala yake aliuficha upungufu, akaarifu kwamba fedha zimekwisha kupelekwa, na akaandika hundi ya dola 1,440 na senti 43 juu ya benki ambayo hakuwa na akiba ndani yake, akitumaini kwamba malipo ya kitabu chake yangewasili. Hakuwa wa kwanza kuziba tundu la hesabu kwa karatasi, lakini kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe, wala sioni faida ya kulifunika.

Mwezi Agosti alikamatwa, akafungiwa katika chumba cha futi sita na nusu kwa futi nne na nusu. Wafanya biashara na marafiki wa mahali pale walichanga fedha, hata Shafter mwenyewe akatoa dola 100, na upungufu wote ukalipwa kwa siku chache. Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia ya kuiba, ila ilimtia hatiani kwa mwenendo usiomfaa afisa, ikaamua afukuzwe jeshini. Mkuu wa sheria katika jeshi alishauri adhabu iwe nyepesi zaidi, lakini Rais Arthur aliithibitisha hukumu kama ilivyokuwa. Tarehe 30 Juni 1882 Luteni Flipper akawa raia.

Alikuwa na umri wa miaka 26. Alifanya kazi ya upimaji na uhandisi huko Texas, Arizona na Mexico, akajua Kihispania hata akatafsiri sheria za ardhi za Hispania na Mexico kwa ajili ya mahakama ya serikali iliyoamua madai ya mashamba. Mwaka 1921 alikuwa msaidizi wa Waziri wa Mambo ya Ndani mjini Washington, kisha akafanya kazi katika kampuni ya mafuta Venezuela. Tangu mwaka 1898 aliliomba Bunge mara kwa mara lisafishe jina lake. Miswada ililetwa, wala hata mmoja haukupita.

Wakati huo ndugu zake nao walikuwa wameshika njia zao: mmoja mkulima, mmoja mwalimu wa chuo, mmoja daktari, na Joseph, aliyezaliwa mwaka ule wa 1859, alikuwa askofu wa kanisa la Kimethodisti la watu weusi. Katika nyumba ya Joseph, mjini Atlanta, ndipo Henry alipokwenda kukaa katika uzee wake, na ndipo alipofariki mwaka 1940.

Baada ya kifo Joseph alipaswa kujaza cheti. Penye swali la kazi ya marehemu angaliweza kuandika mhandisi, au mpima ardhi, na yote yangalikuwa kweli. Yeye aliandika: Afisa wa Jeshi Mstaafu. Kwa sheria ya siku ile maneno hayo hayakuwa sahihi.

Mwaka 1976, baada ya mwalimu mmoja wa Georgia na watu wa ukoo wa Flipper kupeleka maombi, jeshi lilisahihisha kumbukumbu zake na kumpa barua ya kuondoka kazini kwa heshima. Mwaka 1999 Rais Clinton alimpa msamaha kamili mbele ya jamaa zake. Lakini katikati ya hayo mawili, mwaka 1978, mwili wake ulihamishwa kutoka Atlanta, ukazikwa kwa heshima za kijeshi mjini Thomasville, karibu na kaburi la Isabella na Festus.