Frenchi ya akriliki: Muulize fundi ncha nyeupe anaipataje

Msimu wa harusi ukifika, saluni za Sinza, Kinondoni na Kariakoo hujaa mabibi harusi, wasimamizi wao na mashangazi. Mteja anaonyesha picha kwenye simu, kucha ya waridi yenye ncha nyeupe, fundi anasema “sawa dada, kaa hapa”, kazi inaanza. Swali ambalo wengi hawaulizi ni namna hiyo ncha nyeupe itakavyopatikana. Njia kubwa ziko tatu, na siku ya kwanza zote hupendeza karibu sawa. Tofauti huanza kuonekana wiki ya tatu, na nyingine haionekani kabisa kwa sababu iko chini ya akriliki, kwenye kucha yako mwenyewe.

Kwanza jina lisikutishe. Mtu anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeieneza frenchi ni Jeff Pink, mwanzilishi wa kampuni ya vipodozi vya kucha ya ORLY ya Los Angeles, Marekani, miaka ya 1970. Inaelezwa kuwa alitafuta kucha moja itakayoendana na kila nguo, ili waigizaji wa filamu wasipoteze muda kubadili rangi kila wakibadili vazi. Baadaye ikapata umaarufu kwenye maonyesho ya mavazi ya Paris na jina likaganda.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni tipsi zilizotoka kiwandani zikiwa nyeupe. Fundi anaigundisha tipsi ukingoni mwa kucha, anaikata urefu unaotaka, kisha anafunika yote kwa akriliki isiyo na rangi au yenye uwaridi kidogo. Ni ya haraka, na mstari hutoka sawa vidole vyote kumi hata kama mkono wa fundi unatetemeka. Ubaya wake ni kwamba mkunjo wa mstari umeshaamuliwa kiwandani. Mwenye kucha fupi huishia na weupe mwingi na waridi kidogo, vidole vikaonekana vifupi zaidi. Tena tipsi ndogo kuliko kucha ikilazimishwa, huvuta pembeni na kuachia, na hapo maji hupata mlango.

Ya pili ni unga wa rangi mbili, na hii ndiyo mafundi wanaojisifu hupenda kuionyesha. Fundi anaweka karatasi maalumu, wao huiita fomu, chini ya ncha ya kucha. Anachovya brashi kwenye maji ya akriliki, anaokota unga mweupe, anajenga ncha na kuuchonga mstari kabla haujagumu, kisha anajaza waridi nyuma yake. Hakuna gundi ya tipsi, na weupe uko ndani ya akriliki yenyewe, hivyo haubanduki. Ikifanywa na mkono mzuri hakuna inayoishinda.

Lakini kucha ya mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Baada ya wiki nne mstari umesogea mbele na nyuma kumebaki pengo. Kuurudisha mahali pake, fundi hulazimika kuchimba kwa mashine sehemu ya akriliki, kisha kujaza unga mweupe upya. Hapo ndipo wengi wanapoumizwa. Mashine ikizama kidogo tu, haisagi akriliki tena, inasaga kucha ya asili. Ukihisi moto ghafla, vuta mkono. Usione haya.

Ya tatu ni kupaka. Akriliki ya waridi inawekwa kucha nzima, ikishagumu ncha inapakwa rangi nyeupe ya kawaida au ya jeli. Wapo wanaoidharau wakisema si frenchi ya kweli, na ni kweli rangi ya kawaida hukwaruzika, na bizari humaliza weupe wake siku hiyohiyo ya pilau. Ila marekebisho yake ni mepesi: nyuma panajazwa pengo, mbele rangi inafutwa na kupakwa tena. Mashine haina sababu ya kuchimba ncha.

Kwa maoni yangu, anayekusudia kukaa na akriliki miezi kadhaa achague ya tatu. Wa siku moja ya harusi, tipsi fupi zinamtosha. Ya pili ni kwa mwenye fundi ambaye kazi yake umeiona mkononi mwa mtu ikiwa na wiki tatu. Picha iliyopigwa kucha zikiwa bado zinang'aa haikuambii chochote.

Lolote utakalochagua, ulizia maji ya akriliki. Yanayokubalika zaidi yana etili metakrileti, EMA kwa kifupi. Yapo ya bei ya chini yenye metili metakrileti, MMA. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichukua hatua dhidi yake miaka ya 1970 baada ya malalamiko ya kucha kuharibika na ngozi kuwasha. MMA hugumu kupita kiasi: ukijigonga mlangoni, badala ya kucha bandia kuvunjika, hung'oka na ya kwako. Chupa isiyo na lebo, harufu kali isiyo ya kawaida na akriliki inayogoma kulainika kwa asetoni ni dalili za kutilia shaka.

Hata EMA haipaswi kugusa ngozi ikiwa mbichi. Mzio wake huanza kwa kuwashwa pembeni mwa kucha, mara nyingine kope kuvimba kwa sababu mikono hugusa uso. Ukishaupata kwa kawaida hauondoki, na kemikali za jamii hiyohiyo zimo kwenye vifaa vya kuziba meno.

Jingine ambalo frenchi huficha ni ukijani. Akriliki ikiachia na maji yakaingia, bakteria huweza kustawi na kuacha doa la kijani ambalo wengi huliita fangasi. Chini ya ncha nyeupe halionekani. Ukiona pembe imeinuka, usikubali ifunikwe upya. Ibanduliwe kwa pamba yenye asetoni iliyofungwa kwa karatasi ya foili kwa dakika 20 hadi 30, mbali na jiko kwa kuwa asetoni hushika moto upesi.

Wauguzi na wakunga wana hesabu yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka wanaowagusa wagonjwa wasivae kucha bandia, na za asili zisizidi nusu sentimita. Bibi harusi anayerudi wodini Jumatatu apange na fundi siku ya kubandua siku ileile anapopanga ya kubandika.