Kabla ya Septemba, mtoto azijue tabia za namba

Kila Septemba, watahiniwa wa darasa la saba wa huku Karagwe na Kyerwa, kutoka Kayanga, Nyaishozi na Omurushaka hadi Nkwenda, Kaisho na Murongo hukaa mbele ya karatasi ileile ya Hisabati ya Baraza la Mitihani (NECTA) inayofanywa nchi nzima. Kikokotozi hakiruhusiwi. Na humo hayakosekani maswali ya namba zenyewe: ipi tasa, ipi shufwa, ipi witiri, KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni ngapi, KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ni ngapi.

Inaniuma mtoto anapoyakosa haya kuliko mengine yote, kwa sababu hayadai hesabu ndefu. Yanadai jicho.

Chukua swali la namna hii: kati ya 51, 57, 83 na 87, namba tasa ni ipi? Aliyekariri orodha ya namba tasa hadi 50 ataduwaa. Mwingine ataanza kugawanya moja moja mpaka muda umwishie. Sasa jumlisha tarakimu tu. Tano na moja ni 6. Tano na saba, 12. Nane na saba, 15. Zote zinagawanyika kwa 3, basi na 51, 57 na 87 zinagawanyika. Nane na tatu ni 11, na hapo 3 haiingii. Jibu ni 83. Anayetaka uhakika ajaribu 2, 5 na 7, kisha aache, maana namba iliyo kati ya 1 na 100 ambayo si tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi 7.

Kanuni ya 3 mara nyingi hutolewa darasani kama amri, wakati sababu yake inaweza kuonekana kwa macho. Huku maharage hayakosekani. Hesabu punje 10, ziweke mafungu matatu yaliyo sawa: inabaki moja. Punje 100 nazo zitabakiza moja. Kwa hiyo katika 57, makumi matano yanabakiza 5, ongeza zile 7, unapata 12, na 12 inagawanyika kwa 3. Mtoto aliyeigusa sababu hiyo kwa vidole hawezi kuisahau kanuni.

KDS na KKS nazo huchanganywa mno. Mzazi ana miche 84 ya kahawa na 60 ya migomba. Anataka kila mstari wa kibanja uwe na zao moja na idadi ileile ya miche, iliyo kubwa kadiri inavyowezekana. Hiyo ni KKS: miche 12, mistari saba ya kahawa na mitano ya migomba. Lori moja likifika kijijini kila baada ya siku 6 na jingine kila baada ya siku 8, nayo leo yamefika pamoja, yatakutana tena baada ya siku 24. Hiyo ni KDS. KKS haizidi namba ndogo uliyopewa, KDS haipungui ile kubwa. Kwa kulijua hilo tu, majibu kadhaa ya kuchagua yanafutika.

Mambo haya si mageni katika ukanda wetu wa maziwa. Mwaka 1950, Jean de Heinzelin wa Ubelgiji alifukua Ishango, kando ya Ziwa Edward upande wa Kongo, mfupa wenye chanjo unaokadiriwa kuwa na miaka kama 20,000. Safu yake mojawapo ina mafungu ya chanjo 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote kati ya 10 na 20. Wataalamu wanabishana kama mchanjaji alikusudia hivyo. Kwangu, picha ya mfupa huo inastahili ukuta wa kila darasa la Karagwe na Kyerwa.

Walimu wetu, kabla ya kugawa karatasi nyingine ya mtihani wa utamilifu, tengeni kipindi kimoja, maharage yawe mezani, na kila mtoto aeleze kwa kinywa chake kwa nini 57 si namba tasa. Nanyi wazazi, jioni mkichambua maharage, mwulizeni mtoto swali hilohilo.