Mgeni akiondoka, kompyuta isizimike

TAREHE ya mwisho ya kupakia alama kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) inapokaribia, walimu hufunga safari. Katika miji kama Maua, Nkubu, Runyenjes na Siakago, mwalimu huingia saiba akiwa na bahasha ya alama na kumkabidhi mhudumu. Huyo ndiye huchapa, huhifadhi, na pengine ndiye anayeikumbuka nywila ya shule kuliko mwalimu mkuu mwenyewe.

Kinachouma ni kwamba shule nyingi za walimu hao zina vifaa. Tangu mwaka 2016, serikali ilisambaza vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 nchini. Shule ziliwekewa umeme, madirisha yakatiwa vyuma, kabati zikapigwa kufuli. Miaka ikapita, na mahali pengi kufuli hizo hazifunguliwi. Betri isiyochajiwa kwa miezi huweza kufa hata kama haikutumika.

Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na mwalimu mpaka woga umtoke. Mtu huyo ndiye mlezi wa teknolojia: kijana au mtaalamu anayejitolea saa chache kwa wiki, bila malipo, katika shule, makao ya watoto au kikundi cha kina mama.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wageni wengi wa teknolojia huja na kompyuta za msaada, hupiga picha, kisha huondoka, na mwenyeji hubaki na ugonjwa wake. Mlezi wa kweli huanza kwa swali: ni kazi gani mnayoipeleka saiba? Hapo ndipo somo la kwanza lilipo. Katika somo hilo kibodi hushikwa na mwenyeji. Mlezi huelekeza kwa mdomo, hata kama kazi ya dakika tano itachukua saa nzima. Tena hufundisha walimu wawili au watatu, ili mmoja akihamishwa, ujuzi usihame naye.

Mashirika madogo nayo yana haja kubwa. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 14, 2024, inayataka yaliyosajiliwa chini yake yatoe ripoti za kila mwaka. Jedwali rahisi la mapato na matumizi kwenye kompyuta huokoa wiki nzima ya kupekua risiti. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi wa mtoto kabla ya kutumia taarifa zake. Makao yanayoweka mtandaoni picha na majina ya mayatima ili kuwavutia wafadhili yanahitaji mtu wa kuyaeleza hatari hiyo kwa upole.

Wala tusisingizie uchache wa vifaa. Mwalimu Peter Tabichi wa Shule ya Sekondari ya Keriko, Njoro, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019 akiwa katika shule yenye kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Alikwenda saiba, akapakua masomo, akarudi nayo darasani kufundishia bila mtandao.

Walezi tunao. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, na Embu ina chuo kikuu chake. Vyote hufundisha kompyuta. Wapo pia waliomaliza mtihani wa KCSE Novemba, ambao husubiri chuo kikuu hadi Agosti au Septemba mwaka unaofuata. Miezi yote hiyo simu ziko mikononi mwao.

Walimu wakuu nao wafungue milango kwa utaratibu: barua ya chifu, mwalimu awepo kila mlezi anapokuwa na watoto, na nauli na chakula cha mchana visikose.

Kazi ya mlezi itapimwa muhula utakaofuata, alama zitakapohitajika tena: je, mwalimu atapanda matatu kwenda mjini, au atafungua kabati? Basi wewe unayesubiri chuo, iwe uko Igembe au Mbeere, rudi Jumatatu katika shule ya msingi uliyosomea. Msalimie mwalimu mkuu, kisha umwombe akufungulie kabati mkiwa pamoja.