Ubao wa Kufulia Uliogeuka Ngoma

Mpenda ngoma akiikosa ngoma hupiga debe. Jambo hili twaliona mara nyingi katika michezo ya watoto. Lakini huko Marekani wako watu waliogeuza vyombo vya kufulia nguo kuwa vyombo vya muziki, na habari yao yafaa kujulikana.

Kabla ya kuwapo mashine za kufulia, watu wa huko walifua nguo katika karai kubwa kwa ubao wa kufulia. Ubao huu una miguu miwili, na katikati yake pana bati lenye mikunjo, mfano wa bati la kuezekea nyumba. Mfuaji alisimamisha ubao ndani ya maji, akasugua nguo yenye sabuni juu ya mikunjo ile hata uchafu ukatoka. Kazi hii ilichubua mikono, na wanawake wengi wenye asili ya Afrika walipata riziki kwa kuwafulia watu wengine.

Mababu wa watu hao walichukuliwa Afrika utumwani, wakaenda na ujuzi wao wa ngoma. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi karibu na mto Stono, wakashika njia huku wakipiga ngoma ili wenzao wasikie na kuwafuata. Uasi ule ulivunjwa, na mwaka 1740 ikatolewa sheria ya kuwakataza watumwa ngoma na pembe. Ngoma zilinyang'anywa, bali mwendo wa ngoma haukunyang'anyika, maana umo ndani ya mtu. Wakapiga makofi, wakakanyaga sakafu kwa miguu, wakajipiga mapaja na vifua kwa viganja. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini desturi ya kutafuta muziki katika kitu chochote kilicho karibu haikukoma.

Basi, ubao wa kufulia hupigwaje? Mpigaji huvaa vidoleni subana, yaani vile vikofia vya chuma ambavyo mshoni huvaa asichomwe na sindano. Kisha huikwaruza mikunjo, akipanda na kushuka. Kila mkunjo ukiguswa hutoa mlio mdogo mkavu, na kwa kuwa mikunjo ni mingi, milio hufuatana upesi kama mvua juu ya bati. Akigonga badala ya kukwaruza, hupata mdundo.

Hata karai halikuachwa. Hupinduliwa, uzi mmoja ukafungwa katikati ya kitako chake, na ncha ya pili ikafungwa juu ya fimbo. Fimbo ikivutwa, uzi hukazika na sauti huwa nyembamba. Ikilegezwa, sauti huwa nene. Uwazi ulio ndani ya karai ndio unaoikuza sauti ile. Chombo cha namna hii hakiko mbali nasi: Unguja, katika kidumbaki, hupigwa sanduku, nalo ni kasha la mbao lenye fimbo na uzi mmoja.

Hapo kwanza mpigaji aliuning'iniza ubao shingoni kwa kamba. Mwaka 1946 Clifton Chenier, mpiga kodiani wa Louisiana, alimweleza fundi wa chuma aitwaye Willie Landry umbo alilolitaka, naye Landry akamtengenezea kizibao cha bati chenye mikunjo, kinachokaa mabegani na kufunika kifua. Ndugu yake Clifton, Cleveland, alikivaa akakipiga katika muziki uitwao zydeco, na hata leo wapigaji wa muziki huo huvaa vizibao vya namna hiyo.

Katika lugha yetu, dobi hufua nguo na mhunzi hufua chuma. Ubao wa kwanza ulifuliwa nguo. Ule wa Landry haukufuliwa nguo hata siku moja. Kilichokuwa chombo cha taabu kwa mama kimekuwa chombo cha furaha kwa wajukuu zake.