Bakteria wa soya wana swichi ya kujikinga, ila jua la bodaboda ni kiboko

Msimu uliopita kijana mmoja alinipigia simu kwa hasira. "Bwana shamba, ule unga wako ni majivu tu!" Nikaenda. Tukang'oa miche ya soya ya wiki 6: vinundu viwili vitatu, ukipasua ndani vyeupe. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani. Nikamuuliza pakiti ya bakteria aliibebaje. Kwenye boksi la bodaboda, kutwa nzima juani. Kosa nusu ni langu, sikumwambia.

Sasa sikilizeni, maana hapa kuna jambo tamu. Bakteria huyu, Bradyrhizobium, ana jeni za kumkinga na shida za kila aina: joto, ukavu, njaa. Zinaongozwa na protini tatu. Siku za raha, NepR humshika EcfG asifanye kazi. Shida ikija, PhyR anaamshwa, anamkamata NepR, na EcfG akiachiwa anawasha jeni za ulinzi. Kama mlinzi aliyefungiwa kibandani mpaka kengele ilie.

Watafiti walijuaje? Njia yenyewe hata fundi pikipiki anaijua: toa kifaa kimoja, uone kinachoharibika. Katika utafiti uliotoka mwaka 2009, waliharibu jeni ya phyR, na kwa wengine ecfG. Bakteria hao wakawa dhaifu kwenye joto na ukavu. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hata kwenye mizizi ya soya na choroko walishindwa kufanya kazi vizuri. Yaani swichi hiyo inagusa naitrojeni yako moja kwa moja, wewe unayekwepa gharama ya urea.

Lakini ulinzi una kikomo. Ukimwoka bakteria kwenye boksi, hakuna jeni itakayomwokoa. Kwa hiyo pakiti ikae baridini, angalia tarehe ya mwisho, changanya na mbegu kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie haraka. Dawa ya ukungu ya mbegu usiichanganye hovyo, nyingine zinawaua. Niulize kwanza.

Yule kijana msimu huu kaazima deli la muuza barafu. Kapanda Jumanne. Wiki ya 6 tunang'oa tena.